Kushona kipindi cha baridi Mafinga: taa na joto la kibanda cha uani

Mwezi wa sita ukishaingia, mafundi cherehani wenzangu hapa Mafinga, mkoani Iringa, huniuliza swali moja: "Dada, wewe kule uani unapata wapi joto?" Wanajua nilihamisha mashine zangu kutoka sebuleni kwenda kwenye kibanda cha mabanzi nyuma ya nyumba, na baridi yetu wanaijua. Mji huu uko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Kuanzia Juni hadi Agosti upepo wa kusini-mashariki haupumziki, na ukielekea upande wa mashamba ya chai ya Mufindi unakutana na ukungu na manyunyu asubuhi nzima. Na huo ndio msimu wenyewe wa kazi. Shule zikifungwa Juni, wazazi wanaleta masweta ya kuunganisha na sketi za kushusha pindo, na wote wanazitaka kabla shule hazijafunguliwa Julai. Mtu anashona mpaka usiku, vidole vinakufa ganzi, uzi hauingii kwenye tundu la sindano hata uulambe mara ngapi.

Naandika kwa urefu kwa sababu majibu ya kupeana njiani hayatoshi, na kwa sababu jibu moja linalotolewa sana huku kwetu linaua. Msimamo wangu ni huu: kibanda kidogo cha kazi hakihitaji kupashwa moto chote wala kuangazwa chote. Ziba mianya, mpe joto mtu aliyekaa, mulika mikono yake, na moto wowote usio na dohani ubaki nje.

Jibu linaloua ni jiko la mkaa. Mkaa uko kila kona, jiko lipo tayari jikoni, na kibanda cha mita tatu kwa nne kikifungwa mlango kinapata joto upesi. Kila msimu wa baridi Nyanda za Juu Kusini tunasikia habari za watu waliolala na jiko ndani na asubuhi hawakuamka. Msibani tunasema wameuawa na moshi, na usemi huo unatupoteza, maana kinachoua hakionekani. Mkaa unapoungua unatoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi, isiyo na harufu, isiyowasha macho. Ikiingia mapafuni inashika chembe nyekundu za damu pale ambapo oksijeni ilipaswa kukaa, na inashika kwa nguvu zaidi ya mara 200 ya oksijeni yenyewe. Mtu anaanza kuumwa kichwa, anasikia kichefuchefu na kizunguzungu, miguu inalegea, usingizi unamjia. Akiwa peke yake na kazi imemzidi, anadhani ni uchovu. Analaza kichwa juu ya meza apumzike kidogo.

Watu wengi, wakiwemo mama zetu waliotufundisha kuwasha jiko, wanaamini kwamba mkaa ukishakolea, ukawa mwekundu wote bila moshi, sumu imekwisha. Haijaisha. Mkaa uliokolea vizuri unaendelea kutoa gesi hiyo kwa wingi, ila sasa hakuna moshi wa kukukohoza ukatoka nje. Nimewahi kusikia pia ushauri wa kuweka beseni la maji kando ya jiko ili lifyonze sumu. Gesi hii karibu haiyeyuki kabisa kwenye maji, kwa hiyo beseni halimsaidii mtu. Na kuacha dirisha wazi kidogo hakuna kipimo chake: ukifungua vya kutosha, joto lote limekwenda, ukifungua kwa ubahili ili joto libaki, hujui umebaki na gesi kiasi gani.

Kwa sisi wa cherehani kuna mlango mwingine wa hatari hiyohiyo ambao sijasikia ukitajwa sana, nao ni pasi ya mkaa. Ile ya chuma, yenye jogoo kwenye komeo la mbele, unaijaza mkaa, unaipepea mpaka iwake, kisha unaingia nayo ndani kupiga pasi sare za darasa zima huku umefunga mlango kwa sababu ya upepo. Hapo umeingiza jiko ndani, tena uko umeliinamia. Kwangu meza ya pasi hiyo iko barazani, chini ya paa lakini pasipo kuta. Binti anayejifunza kazi kwangu anajua kwamba hata mvua ikinyesha, pasi ya mkaa haivuki kizingiti. Naye nimemwambia jambo jingine ambalo kila mtu anapaswa kulijua: ukimkuta mtu amelegea kwenye chumba chenye mkaa, usianze kumuuliza maswali. Mtoe nje kwenye hewa, kisha apelekwe hospitali hata kama amezinduka na anasema yuko sawa, maana anahitaji kupewa oksijeni.

Huku kwetu kwenye viwanda vya mbao kuna pia jiko la maranda. Kopo kubwa linashindiliwa maranda makavu kuzunguka chupa, chupa ikichomolewa linabaki tundu la kupitisha moto, na linawaka saa nyingi bila kuguswa. Ni jiko zuri sana la kuchemshia maharage uani. Ndani ya kibanda lina sumu ileile ya mkaa, na moshi juu yake.

Hita ya gesi ya mtungi nimeifikiria na kuiacha. Nayo inakula oksijeni ya chumba, na isipoungua vizuri inatoa kaboni monoksidi. Lakini kwa mtu wa vitambaa kuna tatizo jingine: kila kilo moja ya gesi ikiungua inazalisha zaidi ya lita moja na nusu ya maji, yakiwa mvuke. Mvuke huo unapanda, unagusa bati la baridi, unarudi kama matone juu ya suruali ya mteja. Moto pekee ninaoukubali ndani ya chumba kilichofungwa ni ule wa jiko la chuma lenye bomba linalopeleka moshi juu ya paa, au mahali pa moto penye dohani kama zilivyojengwa nyumba za zamani za mashamba ya chai. Fundi mwenye chumba cha matofali na nafasi ya kutosha anaweza kuweka. Mimi nina kuta za mbao na marobota ya nguo, kwa hiyo hapana.

Sasa, kabla hujanunua kifaa chochote cha joto, angalia joto linatorokea wapi. Mabanzi ni yale maganda ya gogo yanayobaki baada ya msumeno kutoa mbao: upande mmoja bapa, upande wa pili una gome bado. Hapa jirani na msitu wa Sao Hill hayana shida kupatikana, na ndiyo maana vibanda vingi vya mji huu vimejengwa nayo. Yakipigiliwa mabichi, yanasinyaa yakikauka. Ukisimama ndani mchana na kuzima taa utaona mistari ya mwanga kati ya banzi na banzi, mingine inapitisha kidole. Kila mstari huo ni upepo wa usiku. Kupasha moto chumba cha namna hiyo ni kuupasha moto uwanja wa jirani.

Niliweka ukuta wa pili kwa ndani, wa plaiwudi nyembamba, na nafasi kati yake na mabanzi nikaijaza maranda makavu kabisa yaliyochanganywa na chokaa kupunguza wadudu. Maranda ni bure au karibu na bure, na yanazuia baridi vizuri kwa sababu yamejaa hewa isiyotembea. Yana masharti lakini. Yakilowa yanaoza, kwa hiyo mabanzi ya nje lazima yazuie mvua. Yanashuka taratibu, unabaki uwazi juu chini ya paa, hivyo acha ubao wa juu unaofunguka ili uongeze. Na waya wa umeme usipite ndani yake, kwa sababu waya uliofunikwa na kitu kinachozuia joto hauwezi kupoa, na maranda yanashika moto. Waya wangu wote unapita juu ya plaiwudi, ndani ya bomba la plastiki, mahali ninapouona.

Kilichobadilisha kibanda kuliko vyote ni dari. Bati tupu usiku wa anga safi linapoa kuliko hewa yenyewe, na unyevu wa pumzi zako na wa birika la chai unaganda chini yake kama umande. Alfajiri yanaanza matone. Niliwahi kuona mabaka ya kutu kwenye kitambaa cheupe, yametoka kwenye misumari ya bati. Ukiweka dari, hata ya plaiwudi ya bei ya chini, joto la hita linakaa kichwani kwako badala ya kwenda kulipasha bati. Sakafu ya saruji nayo inanyonya joto la miguu: niliweka pareti chini ya meza ya cherehani, juu yake mkeka mzito, na mguu unaokanyaga pedali hauteseki tena.

Hapo ndipo tuje kwenye umeme. Hita ya wati 2,000 ikiwaka saa tatu inakula uniti sita. Ukifanya hivyo kila siku kwa mwezi ni uniti 180. Kwa wale wa bei ya kawaida ya LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, uniti moja pamoja na kodi ni takribani shilingi 356, kwa hiyo hita peke yake ni kama shilingi 64,000. Na kama nyumba yako iko kwenye bei ya watumiaji wadogo, ile ya uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, hita hiyo inakutoa humo kabla wiki mbili hazijaisha, na kila uniti ya ziada inauzwa bei ya juu. Linganisha na balbu ya LED ya wati 9 inayowaka saa nne kila usiku: mwezi mzima ni uniti moja na kidogo. Watu wanazima taa kubana matumizi huku hita inanguruma chini ya meza. Taa haikufilisi. Washa taa ya kutosha, ubahili uupeleke kwenye joto.

Kuna hita za aina tatu utakazokutana nazo dukani. Ya feni inapuliza hewa ya moto, unaisikia mara moja, lakini kwenye chumba cha kushonea inarusha vumbi la nyuzi, na hewa ile inapanda juu ikiacha miguu na baridi yake. Ya nondo zinazowaka nyekundu inapeleka joto moja kwa moja kwenye kitu kilicho mbele yake, kwa hiyo ni nzuri kwa mtu aliyekaa mahali pamoja, ila haitaki kitambaa chochote ndani ya mita moja. Nani anayeshona akaweza kuahidi hivyo? Gauni la harusi lina mkia wa mita mbili. Ya tatu ni ile yenye mafuta ndani ya mabati yaliyopangwa, inachelewa kupata moto na inachelewa kupoa, haina nondo iliyo wazi. Hiyo ndiyo niliyochagua, kwenye wati 1,000, na hata hiyo haifunikwi na nguo wala kuanikiwa juu yake. Naiwasha kama saa moja kabla ya kuanza kazi ya alfajiri. Mashine nayo inanufaika, kwa sababu mafuta ya cherehani yanakuwa mazito kwenye baridi na gurudumu linagoma kuzunguka kwa wepesi.

Baada ya saa hiyo naizima. Joto la kuendelea nalo linatoka kwenye dumu la lita tano. Maji yanachemshwa nje, kwenye jiko lilelile la mkaa ambalo haliingii ndani, yanaachwa yatulie kidogo yasiyeyushe plastiki, yanamiminwa kwenye dumu, dumu linavishwa sweta kuukuu na kuwekwa kwenye pareti katikati ya miguu. Ukiongeza kitenge kizito kutoka kiunoni mpaka chini, joto linafungiwa humo saa kadhaa. Mikononi navaa glavu za sufu nilizozikata ncha za vidole. Mteja mmoja, mwalimu, aliona mpangilio huu akaondoka na wazo la dumu kwa ajili ya kusahihishia madaftari.

Waya wa kuleta umeme kutoka nyumba kubwa si kazi ya ekstensheni. Fundi umeme aliponikuta natafuta pa kuchomeka hita na pasi ya umeme aliniambia, "Mama, hesabu kwanza." Pasi wati 1,000, hita kama ile ya jirani yako wati 2,000, jumla 3,000, ukigawa kwa volti 230 ni ampea 13. Ekstensheni nyembamba, tena ikiwa imeviringishwa, inapata moto mpaka plagi inalainika. Alivuta waya wa milimita za mraba 2.5 kwa soketi na wa 1.5 kwa taa, kila mmoja na breka yake, akapigilia nondo ya erthi kando ya kibanda, na kuweka breka ile inayokata umeme ukivuja. Kwenye uani wenye umande na sakafu yenye unyevu, hiyo ya mwisho inaokoa maisha. Tumia fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji nchini.

Taa ndiyo sehemu ninayoipenda, labda kwa sababu huku mwanga wa bure ni mwingi na tunaupoteza. Sisi tuko kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwezi wa sita na wa saba jua la mchana linapita upande wa kaskazini. Dirisha linaloangalia kaskazini linaingiza jua la kukupasha mgongo katika miezi hiyohiyo ya baridi, na Desemba, jua likiwa limehamia kusini kidogo, halikuchomi. Kasoro yake ni kwamba jua hilo linapausha vitambaa vilivyoachwa hapo. Rafu ya vitambaa iwe ukuta mwingine.

Usiku watu wananunua balbu moja kubwa na kuining'iniza katikati ya dari. Unakaa kwenye mashine, mwanga unatoka nyuma yako, na kivuli cha kichwa chako kinaangukia pale sindano inaposhuka. Kinachosaidia ni kuisogeza taa. Ukiipunguza umbali nusu, mwanga unaofika kwenye kitambaa unaongezeka mara nne. Kutoka mita mbili juu ya meza mpaka nusu mita, ni mara 16, kwa balbu ileile na umeme uleule. Viwango vya taa za kazini vya Ulaya vinataka laksi (kipimo cha mwanga unaofika kwenye meza) 500 kwa kusoma na kuandika, na 750 kwa kushona. LED ya wati 9 yenye lumeni (kipimo cha mwanga wote unaotoka kwenye balbu) 800 hivi, ikiwa kwenye kifuniko kinachoelekeza mwanga chini, ikiwa nusu mita kutoka kwenye sindano, inafikisha laksi elfu moja hivi pale mikono ilipo. Kuangaza chumba kizima kwa kiwango hicho kungetaka rundo la taa. Yangu iko kwenye mkono wa kukunja, inatokea kushoto mbele, kwa sababu mwili wa cherehani uko kulia kwa sindano na ungeleta kivuli. Juu kuna tyubu moja ya LED ya kunionyesha mkasi ulipoangukia, na plaiwudi nimeipaka chokaa nyeupe. Mbao tupu inameza mwanga.

Kisha rangi. Sweta la bluu iliyokolea na uzi mweusi, chini ya taa mbaya, ni kitu kimoja. Asubuhi mzazi anauona mshono mweusi wote. Madukani wanakuuliza "nyeupe au ya njano?", lakini hilo ni nusu ya swali. Nambari ya kelvini, 3,000 kwa ya njano, 4,000 ya katikati, 6,500 kwa ile nyeupe kali, inakwambia mwanga wenyewe una rangi gani. Nambari inayokwambia kama rangi za vitambaa zitaonekana zilivyo ni CRI. Jua ni 100. Balbu nyingi ni 80. Kwa fundi nguo tafuta 90 japo inauzwa ghali zaidi, iwe moja tu ya kwenye sindano. Ukiwa dukani jaribu pia kuielekezea kamera ya simu balbu iliyowashwa. Mistari myeusi ikitembea kwenye kioo, balbu hiyo inapepesa hata kama jicho halioni, na jioni ndefu chini yake huleta maumivu ya kichwa.

Umeme wa maji wa bwawa la Kihansi unazalishwa kwenye mteremko wa milima hii ya kwetu, ila nao hukatika kama kwa wengine, na wengi wananiuliza kuhusu sola. Kwa joto, hapana. Paneli ya wati 200 ikipata saa tano za jua zuri inakupa uniti moja, na hita ya wati 2,000 inaimaliza kwa nusu saa. Kwa taa, ndiyo, bila wasiwasi. Taa mbili za wati 9 kwa saa nne ni wati-saa 72. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 50 ina wati-saa 600, lakini ukiishusha chini ya nusu mara kwa mara inakufa mapema, kwa hiyo hesabu 300, yaani usiku nne za kazi bila jua lolote. Betri za aina hiyo zikichajiwa hutoa hidrojeni, gesi inayolipuka, basi zisikae ndani kwenye nguo. Yangu iko kwenye sanduku lenye matundu, ukuta wa nyuma wa kibanda, upande usio na meza ya pasi ya mkaa.